Tiketi ya Elfed na Mpira Uliokataa Kufa

Kwa miaka ishirini na saba jina la Elfed Prosser liliingia kwenye kofia, na kwa miaka ishirini na saba halikutoka. Kofia yenyewe ilikuwa ya mwenyekiti wa klabu ya raga ya Pont-y-Wennol, ya manyoya, yenye kunuka mbwa. Kila mwaka kabla ya mechi ya Wales na Uingereza, tiketi chache ambazo klabu iligawiwa zilipigiwa kura humo. Vijana waliojiunga juzi walipata. Mwaka mmoja alipata mtu aliyekuwa amekwisha kufa tangu Novemba. Mjane wake akaenda badala yake, akarudi akilalamika kwamba viti vilikuwa vya baridi. Elfed alibaki palepale chini ya runinga ya klabuni, akimfokea refa aliyekuwa maili thelathini kutoka hapo na asiyemsikia hata chembe.

Mwaka wa ishirini na nane mwenyekiti akaingiza mkono, akatoa kikaratasi, akakisoma, akakisoma tena, akavaa miwani.

"Haiwezekani," akasema. "Elfed."

Elfed akakaa chini. Kwamba hapakuwa na kiti nyuma yake, hilo aliligundua baadaye.

Tiketi haikufichwa drooni kama tiketi za watu wengine. Iliegemezwa kwenye birika la chai, ikashiriki kifungua kinywa, hata Tegwen mkewe akamuuliza kama na hiyo karatasi nayo aikaangie yai. Muuza maziwa aliionyeshwa. Kasisi aliionyeshwa mara mbili. Daktari aliyetaka kumpima presha alinyooshewa tiketi kwanza, mkono baadaye. "Safu ya kumi na nne, kiti cha tisa," Elfed alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la mjukuu wake wa kwanza.

Sasa balaa. Mwezi wa Januari theluji ilikuwa imevunja mechi ya klabu na majirani zao wa Cwm-hwch, kijiji kilicho upande wa pili wa mlima, na mechi hiyo ilibidi irudiwe. Idwal Parfitt, kocha ambaye pia ndiye katibu, alisimama mbele ya kalenda ya ukutani klabuni, akatafuta Jumamosi iliyo wazi, akaipata, akaandika barua, akabandika stempu, akatuma. Cwm-hwch wakajibu ndiyo. Chama cha ligi nacho kikajibu ndiyo. Ndipo Tegwen, akiosha vikombe pale, akainua macho na kuuliza, "Idwal, mpenzi, hii kalenda si ya mwaka juzi?"

Ilikuwa ya mwaka juzi. Hakuna aliyethubutu kuiondoa kwa sababu picha yake ilikuwa ya kondoo dume wa mwenyekiti, mshindi wa maonyesho ya wilaya. Na ile Jumamosi iliyo wazi ilikuwa siku ya Uingereza.

Mtu wa Wales kusahau siku ya Uingereza ni sawa na imamu kusahau Ijumaa. Idwal alikaa wiki nzima akinunulia watu bia bila kuombwa. Cwm-hwch walipoulizwa kwa nini hawakusema kitu, wakajibu kwamba waliiona tarehe, ila walidhani ni mtego, na wao hawakimbii mitego ya watu wa Pont-y-Wennol. Chama kikasema kilichoandikwa kimeandikwa: asiyecheza anapoteza pointi. Na Pont-y-Wennol hawakuwa na pointi za kupoteza. Ilikuwa mechi yao ya mwisho; wasiposhinda walikuwa wanashuka daraja, na chini ya daraja lao hapakuwa na daraja jingine, palikuwa na malisho.

Basi wakakubaliana waanze saa tano asubuhi. Dakika themanini na mapumziko mafupi, wamalize kama saa sita na nusu, basi liondoke saa saba kasorobo, na saa tisa kila mtu awe Cardiff.

Asubuhi hiyo Elfed alifika uwanjani kwa mbwembwe. Koti jekundu, skafu nyekundu, na kifuani liki mbichi ya bustanini kwake, ile mboga jamaa ya kitunguu ambayo ndiyo nembo ya Wales, ndefu kama kasia, ikimkuna sikio kila alipogeuka. Tiketi ilikuwa kwenye mfuko wa ndani, imebanwa na Tegwen kwa pini tatu. Kazi yake ilikuwa kupiga kelele, halafu kupanda basi. Lakini akamwona Idwal anamjia, na mkononi ana njumu za namba kubwa.

"Usiniangalie hivyo, Idwal."

"Sijasema kitu."

"Macho yako yamesema."

"Dilwyn anaumwa tumbo."

"Tumbo la Dilwyn limeonekana stesheni saa mbili asubuhi," akadakia Tegwen. "Lilikuwa limevaa skafu."

Idwal akamsogezea njumu. "Bila mtu wa mstari wa mbele hakuna skramu, ndugu yangu. Bila skramu tunapokonywa mechi kabla hatujaanza. Wewe umecheza hapo mbele miaka ishirini, na jina lako halijafutwa kwenye daftari la chama. Nimeangalia."

"Nina miaka hamsini na nane! Sijavaa njumu miaka kumi na tano!"

"Skramu haitaki miguu, inataka uzito. Na uzito, kaka, Mungu hakukunyima."

Elfed akamgeukia mkewe kama mtu anayetafuta wakili. Tegwen akamvua koti, akalikunja mkononi mwake, tiketi ndani na liki juu. "Nenda. Lakini sikiliza vizuri. Basi ni la Olwen. Saa saba kasorobo ikigonga, dada yangu anaondoka. Unamjua."

Alimjua. Bonde zima lilimjua. Olwen aliwahi kumwacha bwana harusi amesimama barabarani na ua kifuani, kwa sababu alichelewa dakika moja kwenda harusini kwake mwenyewe.

Wakamtafutia bukta. Ilimtosha mguu mmoja. Wakaichana, wakaiunga kwa skafu.

Refa alikuwa daktari wa meno kutoka Swansea, na kabla hajapuliza filimbi aliwaita manahodha wote wawili akawaambia taratibu, "Mabwana, na mimi nina tiketi." Hakuhitaji kuongeza neno. Haijawahi kuchezwa raga ya haraka namna ile tangu milima iumbwe. Watu walikimbia kwenda kurusha mpira, wakakimbia kwenda kuadhibiwa. Aliyeangushwa aliinuka na kumshukuru aliyemwangusha kwa kutopoteza muda. Mtu mmoja wa Cwm-hwch alivunjika pua, akaambiwa na wenzake aishike vizuri, waende.

Pale penye skramu, watu wanane wanane wakiwa wameinama na kukabana mabega, Elfed akajikuta shavu kwa shavu na Merfyn, fahali wa Cwm-hwch, kijana wa miaka thelathini mwenye shingo ya unene wa gogo la mninga.

"Shikamoo, mzee," akasema Merfyn kule chini gizani. "Nilisikia umezikwa."

"Nilikuwa nimezikwa. Harufu yako imenifukua."

"Leo Cardiff utakaa wapi?"

"Safu ya kumi na nne."

"Ebo! Sisi ya kumi na tano! Nitakuwa nyuma yako nikikudondoshea maganda ya karanga kwenye kola."

"Utaanza kwa kuyatafuta meno ya kumenyea hizo karanga."

"Sukumeni, nyie!" akafoka refa. "Tunachelewa!"

Elfed akasukuma. Kitu fulani mgongoni kikalia kwaa, kama mlango wa ghala. Akasukuma tena. Akahisi ana miaka ishirini. Nusu dakika baadaye akahisi ana miaka mia na ishirini. Na katikati ya hizo mbili akahisi furaha isiyo na umri, hata akaanza kucheka huku uso umezama matopeni.

Yote yangekwenda kama saa ya stesheni lau si kondoo. Dakika ya sitini lango la malisho lilifunguka lenyewe, au Cwm-hwch walilifungua, au mwenyekiti alilisahau. Mpaka leo inategemea unamuuliza nani. Wakaingia kondoo arobaini, wakashuka hadi katikati ya uwanja, wakasimama. Timu zote mbili zikawakimbiza. Dume mmoja akawaangusha watu watatu wa Cwm-hwch mfululizo, na Idwal akasikika akiuliza kwa uzito kabisa kama mnyama huyo ana klabu. Mpaka wanatolewa, dakika kumi na tatu zilikuwa zimekwenda na maji, na kando ya uwanja basi la Olwen lilikuwa limeshawashwa.

Saa ya mchezo ikaisha Cwm-hwch wakiongoza kwa pointi tatu, kumi na mbili kwa tisa. Lakini raga haiko kama soka. Saa ikiisha, mpira haujafa. Unaendelea mpaka utoke nje, au uanguke, au mtu akosee. Na wakati ule mpira ulikuwa mikononi mwa Pont-y-Wennol, mita sitini kutoka mstari wa trai, na trai moja, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari huo, ingewaokoa.

"Usitoke!" akapiga yowe Idwal. "Msiuangushe! Ushikeni kama mtoto wa mkwe!"

Wakaushika. Mmoja alibeba, akaangushwa, mwenzake akaokota, akabeba, akaangushwa. Mita mbili. Mita moja. Nusu mita kurudi nyuma. Mara ya kumi. Mara ya ishirini. Watu waliacha kuhesabu, wakaanza kuomba. Ndipo honi ya basi ikalia, ndefu, ya mtu asiyetania.

Saa saba kasorobo.

Na Mungu naye ana utani wake: sekunde ileile mpira ukadunda, ukaruka vichwa vya watu kumi, ukamwangukia Elfed kifuani. Alikuwa amesimama hatua nne kutoka mstari wa pembeni, anatafuta pumzi. Mbele yake alikuwa Merfyn, mikono wazi. Nyuma ya Merfyn, ng'ambo ya mstari, alimwona Tegwen mguu mmoja ndani ya basi na mmoja nje, amekumbatia lile koti, akimzuia dada yake kwa mwili.

"Ndani au nje, Tegwen!" Olwen alikuwa akifoka.

"Subiri kidogo tu!"

"Kidogo imeisha!"

Merfyn hakumrukia. Alisema kwa upole, kama mtu anayemshauri mgonjwa, "Piga nje, mzee. Teke moja tu. Mpira unakufa, mnashuka daraja, sawa, mtapanda tena siku moja. Lakini Uingereza, mzee! Miaka ishirini na nane!"

Na kweli ilikuwa teke moja tu. Hata mtoto angeliweza. Hakuna ambaye angemlaumu mzee aliyechoka kwa kupiga mpira nje. Angesema mguu uliteleza, na matope yangekuwa shahidi. Elfed akaiona safu ya kumi na nne. Akakiona kiti cha tisa, kitupu, cha baridi, kinamngoja. Akauona na uwanja huu wa kijijini, ambao babake alikuwa ameuondoa mawe kwa toroli akitoka zamu ya mgodini, ukirudishiwa kondoo.

"Merfyn, mwanangu," akasema, "sogea."

Akainamisha kichwa akaenda. Kusema alikimbia ni heshima tu. Alikwenda kama kabati linavyoshuka ngazi. Merfyn akamdaka kiunoni, akaburutwa. Wa pili akamdaka mguu, akaburutwa. Wa tatu alipanda mgongoni. Wapo walioapa kwamba walikuwa sita, na kondoo mmoja. Nyuma yake wenzake wakajibandika wakasukuma, na nyuma ya wenzake wakaja wachezaji wa akiba, na Idwal, kinyume cha kila kanuni, na refa akatazama saa yake badala ya kutazama Idwal. Lundo lile la watu likasogea mita arobaini, mpira ukipotea tumboni mwake. Pembeni basi likaondoka. Tegwen aliruka kwa mguu mmoja kandokando yake hatua tano, akaachia mlango, akaangua kilio na wakati huohuo akapaza sauti, "Sukuma, mume wangu! Basi limeshakwenda! Sasa sukuma!"

Lundo likaanguka. Refa akalala kifudifudi, akachungulia katikati ya magoti, mkono wake ukazama mpaka begani, ukapapasa kama unatafuta gego, ukatoka juu.

"Trai!" akapiga kelele. "Trai, na mchezo umekwisha, na kwaherini!" Akapuliza filimbi huku anakimbilia gari lake.

Wanaume kumi na watatu walidai kwamba trai ile ni yao. Elfed hakudai. Alikuwa bado chini kabisa, mpira ukiwa chini ya kidevu chake, na alipochomolewa aliimbiwa, akabebwa, akamwagiwa bia, akabusiwa na watu aliowadai pesa tangu mwaka juzi. Kijiji kiliruka. Makasha ya bia yalitokea hewani.

Halafu akaona barabara tupu.

Wengine walikuwa wakienda Cardiff kutazama kwenye baa tu. Baa wangeipata hata hapa. Kati ya waliobaki, yeye ndiye aliyekuwa na kiti. Basi la Olwen lilikuwa limeshavuka daraja likiwa na viti thelathini vitupu, kapu la mikate, na kasisi aliyepitiwa na usingizi. Nyimbo zikapungua moja moja. Tegwen akaja na koti, akamwekea begani. Elfed akajaribu kutabasamu. "Si kitu," akasema. "Runinga ya klabuni nimeizoea. Refa wake hanijibu."

Merfyn alikuwa amesimama karibu, matope mpaka kwenye kope. Alikuwa ameshindwa dakika nne zilizopita, na kushindwa na Pont-y-Wennol kulimaanisha kutaniwa mpaka Septemba. Akamtazama mzee, akamtazama dereva wao, ambaye ndiye aliyekuwa mpiga mateke wao na alikuwa na ufunguo wa basi ndani ya soksi.

"Bado hatujaondoka," akasema Merfyn.

"Nini?"

"Uadui una mipaka yake, mzee. Tungekuibia mke, tungekuibia kondoo. Lakini kumwacha mtu akakosa Uingereza? Sisi si wanyama. Ila kuna sharti. Useme kwa mdomo wako, mbele ya watu hawa wote, kwamba watu wa Cwm-hwch wanaimba vizuri kuliko Pont-y-Wennol."

Na Elfed, lazima isemwe, alifikiri. Alifikiri kwa muda hata Tegwen akamkanyaga kidole.

"Kwenye basi," akasema hatimaye, "wanaimba vizuri. Kanisani sijui."

"Inatosha! Pandeni!"

Hakuna aliyeoga. Wakapanda walivyo, Elfed kwa bukta ya kuungaunga na koti jekundu, Tegwen kwenye hatua ya mlango, nusu ya Pont-y-Wennol sakafuni. Wakaimba bonde lote mpaka madirisha yakapata ukungu, kila upande ukijaribu kuuzamisha mwingine, na penye kona kali ya pili wakalipita basi la Olwen, lililokuwa likienda kwa mwendo halali, na kasisi akawapungia mkono usingizini.

Tatizo lilijitokeza kwenye kushuka. Mgongo wa Elfed ulikuwa umekaa skramu, na skramu ukabaki. Hakuweza kunyooka. Tegwen akachomoa pini tatu, akamkabidhi tiketi, akambusu kisogoni kwa kuwa ndicho kilichokuwa juu, akaenda kutafuta chai. Na hivyo Elfed Prosser akaingia kwenye uwanja wa taifa, baada ya miaka ishirini na nane, akitazama ardhi. Aliona viatu. Viatu elfu hamsini. Aliona ngazi, vikombe vilivyokanyagwa, mkia wa mbwa ambaye hakupaswa kuwemo. Akahesabu safu kwa namba za sakafuni: kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Akafika kiti cha tisa, akakaa, akayatazama magoti yake.

"Kukoje?" akauliza.

"Kuzuri, mzee," ikajibu sauti ya Merfyn kutoka safu ya nyuma. "Timu zinaingia."

"Wamevaa nini?"

"Nyekundu, mzee. Ulitaka wavae nini?"

Bendi ikagonga noti za kwanza za wimbo wa taifa, na watu wote wakasimama, na sauti ile ikapanda kutoka chini kama maji yanavyojaa kisimani. Elfed akasimama nao, amekunjika, akiwaimbia viatu. Merfyn hakuvumilia. Akaruka kiti, akaweka goti lake kwenye kiuno cha mzee, akakamata mabega yote mawili, na pale wimbo unapopanda juu kabisa akavuta.

Ulisikika mlio. Waingereza upande wa pili walidhani ni mizinga ya heshima, na mmoja akavua kofia.

Na Elfed akanyooka. Kwanza akaona migongo, halafu vichwa, halafu majani, mabichi kuliko runinga yoyote ilivyowahi kuthubutu, halafu wale kumi na watano wekundu, wadogo, wa kweli, wanaotoa mvuke midomoni. Mdomo ukamfunguka. Wimbo ukaisha na yeye bado ameshikilia noti ya mwisho peke yake, safu nzima ikimcheka, machozi yakichora mifereji kwenye matope ya Pont-y-Wennol yaliyomkaukia usoni.

"Kaa, mzee, tunataka kuona!" akafoka mtu.

"Nimekaa miaka ishirini na nane!" akajibu Elfed. "Kaa wewe!"

Mpira ukawekwa katikati. Refa akainua mkono, akapeleka filimbi mdomoni. Hajapuliza bado, na Elfed alikuwa ameshaanza kumzomea.